Peugeot 404 uani Nyakato: kuvua rangi na kuizuia kutu isirudi

Juni, mwanzoni

Gari limeshushwa uani hapa Nyakato, Mwanza, jana jioni, limetoka Pasiansi juu ya Fuso. Ni Peugeot 404 sedani ya mwaka 1967, gia za kwenye usukani. Injini inazunguka kwa mkono na gia zinaingia, kwa hiyo hizo zitasubiri. Humu nitaandika habari za bodi tu, maana bodi ndiyo itakayoamua kama gari hili litarudi barabarani au litakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Watu wazima wa hapa hawahitaji kuelezwa 404 ni gari gani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda nayo mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966, akarudia 1967. Aina hiyo hiyo ilikuwa imeshashinda 1963, ikashinda tena 1968. Gari lililopita kwenye tope na mashimo ya namna ile, likiwa mbele ya wenzake, linastahili kuhangaikiwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba 404 haina chesisi inayojitegemea kama Land Rover. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na paa vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na hicho ndicho kinachobeba injini na abiria. Kutu ikila kizingiti imekula uti wa mgongo wa gari. Ndiyo maana kila aliyepita uani akasema “piga puti, paka rangi, liende” nimemshukuru na kuendelea na kazi.

Ukaguzi nimeufanya kwa sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze, bisibisi na tochi. Unaipitisha sumaku taratibu: ikishika kwa nguvu, chuma kiko karibu, ikiteleza, kuna puti nene, lile dongo la kujazia mashimo ya bodi. Ubavu wa nyuma upande wa kulia, juu ya tairi, sumaku ilidondoka kabisa. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi, mlio ukawa mzito, hauna uhai. Pembeni ya hapo palikuwa na malengelenge ya rangi. Nilitoboa moja kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na unga wa kahawia uliokauka, chini yake tabaka jeusi lenye unyevunyevu ingawa hapajanyesha siku nyingi, na chini kabisa bati lililobonyea kwa kidole.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi. Kwa hiyo huinua rangi, na inapoanzia katikati ya mabati mawili yaliyounganishwa, huyasukuma yakaachana. Lengelenge unaloliona nje aghalabu limeanza ndani siku nyingi.

Na kutu ya sakafu ya mbele imeanzia kwenye majani ya mwembe. Gari lilikaa chini ya mti, na majani yamejaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale hewa ya ndani inapoingilia. Yameoza yakawa udongo mweusi, yameziba matundu ya kutolea maji. Nimetoa udongo kwa mikono, nikaujaza kwenye ndoo. Kila mvua ilikuwa inateremka ndani badala ya nje, na sakafu ya mbele imetoboka pande zote mbili. Pale shokapu za mbele zinapofungwa ni pazima, kutu ni ya juu juu tu. Nimefurahi sana, maana hapo pakioza gari linakuwa hatari na kupatengeneza ni kazi ya peke yake.

Juni, katikati

Leo tumebishana vizuri na fundi bodi. Ni mzee wa kazi, mkono wake nauamini kuliko vifaa vyangu vyote.

“Kijana wangu, tulivue lote, likae jeupe, tulione lilivyo. Halafu ndiyo tunyooshe na kuchomelea.”

“Shikamoo yako naitoa mara mbili, mzee wangu, lakini likikaa jeupe hapa, kabla hatujamaliza kunyoosha litakuwa jekundu.”

Hoja yangu ni hii. Kutu haihitaji mvua. Inahitaji chuma, oksijeni na maji, na maji yaliyomo hewani yanatosha. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60, bati tupu hushika utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho, na kazi ya kutu huanzia hapo. Hapa kando ya ziwa, alfajiri hata ya kiangazi unyevu huwa juu zaidi ya hapo. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji na kuinua mawingu, ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria ni za usiku na asubuhi na mapema. Hewa mbaya kuliko zote kwa bati tupu inakuja wakati fundi amelala.

Tuna nafuu moja ambayo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam hawana: maji yetu hayana chumvi. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu mno. Lakini nafuu hiyo isitulevye. Jasho la kiganja lina chumvi, na alama ya vidole kwenye bati lililovuliwa inaweza kuonekana kesho yake kwa rangi ya kahawia, kila mstari wa kidole mahali pake.

Basi tumekubaliana: kipande kwa kipande. Kinachovuliwa asubuhi kisilale kitupu; jioni kiwe kimepakwa praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayozuia maji yasifike kwenye bati. Mzee ameweka sharti lake, nami nimelikubali, kwamba sehemu za kuchomelea zivuliwe mwisho, siku ile ile ya kuchomelea, kwa sababu praima ikiungua chini ya moto hutoa moshi mbaya na kuharibu mshono. Tuna kiangazi hadi Septemba. Vuli ikianza Oktoba, kila pembe iwe imezibwa.

Julai

Boneti ndiyo ya kwanza. Kwenye ukingo wake nimepasugua kidogo kwa msasa wa maji hadi tabaka zikaonekana kama pete: krimu juu, kijani chini yake, tena puti nyembamba, kisha kijivu cha kiwandani. Mtu aliwahi kupaka juu ya rangi iliyochoka. Tabaka zote hizo zitaondoka.

Njia za kuvua ziko nyingi, na kila moja ina mahali pake.

Kupuliza mchanga ndiko watu wengi walikonishauri, na kuna kijana alijitolea kuja na kompresa kubwa na mchanga wa ufukweni. Nimekataa kwa sababu mbili. Bati la nje la gari ni jembamba, chini ya milimita moja, na mchanga ukipigwa kwa kasi hulitandaza uso mmoja, likajikunja na kupata mawimbi ambayo hakuna fundi atakayeyarudisha yote. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mchanga wa kawaida ni silika, na vumbi lake likipasuka hewani huingia ndani kabisa ya mapafu, likaacha makovu yasiyopona. Uingereza ilikataza mchanga wa aina hiyo kwa kazi za namna hii kwa kanuni za mwaka 1949. Uani kwetu watoto wanapita. Vyuma vizito vya chini ya gari vikihitaji kupulizwa, vitapelekwa penye chumba chake na mchanga usio wa silika.

Moto wa kupuliza hulainisha rangi haraka, lakini sikuutumia. Rangi za zamani za magari zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa praima na zile za njano na nyekundu, na ukizipasha moto sana unaivuta risasi kwa pumzi. Kwa sababu hiyo hiyo hatusugui kikavu. Msasa wa maji, tope linakusanywa kwenye beseni, nguo za kazi zinabaki uani hazifuliwi pamoja na za watoto, na hakuna anayekula kabla ya kunawa kwa sabuni. Mzee mwanzoni aliona nazidisha. Nilipomweleza kuwa wanaoumizwa zaidi ni wajukuu wanaomkimbilia mlangoni akirudi, alikuwa wa kwanza kunawa.

Kwa boneti, paa na milango nimetumia dawa ya kubandua rangi. Nimesoma kopo kabla ya kununua, maana zile za zamani zilitengenezwa kwa kemikali ya diklorometheni, ambayo ukiivuta mwili huigeuza kuwa hewa ya sumu ile ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Watu wamekufa kwa hiyo. Nimechukua isiyo nayo. Ni ya polepole, lakini nina muda.

Utaratibu wetu: tunakwaruza rangi kwanza kwa msasa namba 40 ili dawa ipate pa kuingilia, tunaipaka nene kwa brashi kwa mkupuo mmoja bila kurudiarudia, tunaifunika kwa karatasi ya plastiki isikauke. Kazi ni kivulini, asubuhi. Juani dawa hukauka kabla haijafika chini. Baada ya muda krimu ilianza kujikunja, ikainuka, na chini yake kijani kikaanza kuchemka taratibu. Skrepa ya plastiki ikapita ikiibeba yote kwa pamoja. Ile sauti ya rangi ya miaka hamsini ikiachia bati ni tamu, siwezi kuificha furaha yake.

Jambo ambalo wengi hulisahau: dawa isikaribie maungio. Ikiingia katikati ya mabati mawili haitoki hata uoshe vipi, na miezi baadaye itainua rangi mpya kutoka ndani. Tumebakiza upana wa vidole viwili kila pembeni, tukamalizia rangi kwa mkono kwa msasa wa maji, na kutu kwa diski nyeusi ya nyuzi kwenye grainda. Diski hiyo huondoa rangi na kutu bila kula chuma wala kukipasha moto sana. Diski ya mawe, ile ya kukatia na kusagia, hairuhusiwi kugusa bati la nje.

Agosti

Kutu sasa. Nimeigawa kwa jinsi ilivyo, maana hakuna dawa moja ya zote.

Vipande vidogo vinavyofunguka, yaani bawaba, mabano ya bampa na nati, vimekwenda kwenye molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikishatolewa sukari. Kipimo ni sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya ndoo yenye mfuniko, vinakaa wiki mbili hivi. Kuna vitu ndani ya molasi vinavyoikamata kutu na kuiyeyusha huku chuma kizima kikibaki karibu salama. Harufu ni kali na nzi wanaipenda, ila wafugaji huinunua kulishia ng'ombe kwa hiyo kuipata si shida, na haina sumu ya kuhofia. Aluminiamu isitiwe humo, italiwa.

Bawaba zilizoshikana kabisa tumezifanyia kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya soda ya kufulia, chaja ya betri. Kipande chenye kutu kinafungwa waya wa hasi, kipande cha chuma cha kawaida kisichotakiwa kinafungwa chanya, na visigusane. Mapovu yanatoka kwenye bawaba na kutu inaachia. Hayo mapovu ni haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo ndoo inakaa nje penye upepo na chaja inazimwa kwanza ukutani kabla ya kugusa waya. Kijana anayetusaidia alitaka kufunga kijiko cha stenlesi upande wa chanya kwa sababu hakichafuki. Nimemkataza: kromu iliyomo hutoka ikiwa sumu ndani ya maji, na maji hayo huwezi kuyamwaga popote. Magadi ya jikoni pia sikutaka, kwani mara nyingi huwa na chumvi ndani yake.

Kwenye bodi yenyewe, pale penye vidoa na vishimo vidogo, tumetumia asidi ya fosforasi iliyochanganywa na maji. Hugeuza kutu nyembamba kuwa fosfeti ya chuma, ya kijivujivu. Kutu ya magamba haiiwezi, lazima ikwanguliwe kwanza. Na isipooshwa vizuri, epoksi juu yake haishiki. Mabaki ya asidi hupigana na kigumu cha epoksi, ile kemikali ya kuigandisha. Tunaosha, tunakausha papo hapo kwa hewa, tunapitisha msasa namba 80.

Palipotoboka ni kukata tu. Kabla ya kugusa vizingiti, Mzee alichomelea vyuma vya kushikilia katika kila uwazi wa mlango, kona hadi kona, na gari likawekwa sawa juu ya stendi. Bila hivyo ukikata kizingiti bodi hulegea katikati, na milango haitafunga tena maisha. Bati tulilotumia kwa vizingiti ni geji 18, kama milimita 1.2, na kwa sakafu geji 20. Uani hapa wapo wanaoziba kwa bati la kuezekea. Ni jembamba mno kwa kubeba mzigo, na zinki yake ikiungua moshi wake hutia homa. Kuliko hilo, Mzee anakata pipa la lita 200, analitoa rangi yote kwa msasa na kulikunja juu ya reli. Chuma chake kinafaa.

Tumechomelea kwa mashine ya CO2, vidoa vidogo vidogo vya kurukaruka, huku ukipoza kati yake. Kila mahali bati mbili zinapolaliana tumepaka kwanza praima ya zinki inayostahimili moto, maana ndani ya mlaliano hakuna brashi itakayofika tena. Zinki hujitoa kuliwa kabla ya chuma. Hata pakikwaruzika, yenyewe ndiyo inayoanza kuoza.

Septemba

Huu ndio mwezi wa epoksi nyingi. Nimenunua kipima unyevu na joto, na nimekiamini kuliko macho. Kanuni ni kwamba bati liwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hapo huanza kutoa maji, kwa nyuzi 3 au zaidi. Mfano wa asubuhi moja: hewa nyuzi 21, unyevu asilimia 85. Umande huanza karibu na nyuzi 18, na bati lililolala nje lilikuwa karibu na hapo hapo. Ukipulizia saa hiyo unapulizia juu ya maji. Saa saba mchana hewa nyuzi 28, unyevu asilimia 50, umande uko chini ya nyuzi 17 na bati lina joto la kutosha. Kwa hiyo tunapulizia kuanzia saa nne na nusu hivi hadi saa nane, chini ya paa. Baadaye upepo wa ziwa unaleta vumbi.

Jioni hatupulizii kabisa, na sababu si unyevu peke yake. Mwezi unapoandama usubi wa ziwa hupanda juu ya maji kwa mawingu, ukisimama Capri Point unaona unavyonyanyuka, na upepo ukielekea huku unaingia hadi Nyakato. Rangi mbichi ni gundi kwao.

Kabla ya praima tunafuta kwa dawa ya kuondoa mafuta na vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kimoja kikavu cha kufuta kabla haijakauka yenyewe. Petroli hapana, inaacha mafuta yake. Nikiwa na shaka, nanyunyizia maji safi: yakitandaa sawasawa bati ni safi, yakijikusanya matone bado kuna mafuta. Glovu muda wote. Kwenye kompresa kuna chujio la maji, na tangi linatolewa maji kila asubuhi. Utashangaa yanavyotoka mengi hewa ya ziwa ikishagandamizwa.

Puti tumeitia juu ya epoksi, si juu ya bati tupu. Ina unga wa talki unaonyonya unyevu, na ikikaa moja kwa moja juu ya chuma inakuwa sifongo iliyofichwa. Ile ya ubavu wa kulia ndivyo ilivyoanza. Sasa hapo pana bati jipya lililonyooshwa kwa nyundo na Mzee, puti iliyobaki ni ya kusawazisha tu.

Oktoba

Mvua ya kwanza ilipiga usiku wa kuamkia juzi, na radi zake. Asubuhi nimepita na tochi ndani ya gari, sakafu ni kavu. Mfereji wa chini ya kioo unatoa maji pande zote mbili, nimesimama nikiuangalia kwa raha.

Wiki hii ni ndani ya matundu. Vizingiti, nguzo, chini ya milango: kote ambako rangi haifiki tunapulizia nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu wenye kichwa kinachomwaga pande zote. Desturi ya hapa ni kumwaga oili chafu. Ni ya bure na inasaidia kiasi, ila ina asidi za kwenye injini, inaoza raba za milango, na mvua ikija inatiririka mtaroni hadi ziwani, ziwa ambalo tunavua na kunywa. Siwezi. Matundu ya kutolea maji tumeyazibua kwa waya baada ya nta kukauka, kila moja, kwa sababu tundu lililozibwa na nta ni sawa na lililozibwa na majani.

Rangi ya juu haitapakwa msimu huu. Kigumu cha rangi nyingi za kisasa kina kemikali ya isosianeti, inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya chujio haitoshi. Inatakiwa hewa safi iletwe kwa bomba, ndani ya chumba cha kupulizia. Nitalipeleka gari penye vifaa hivyo kiangazi kijacho. Epoksi inazuia maji lakini jua huichakaza, kwa hiyo litakaa chini ya turubai lililoinuliwa juu ya fremu ya mbao. Likilalia bodi linafungia unyevu na kuikwaruza. Mzee anataka fremu iachwe wazi pande mbili upepo upite.

Bado bawaba za buti, ziko kwenye molasi. Na mlango wa nyuma kushoto, ambao haujavuliwa hata kidogo, unasubiri siku mbili kavu mfululizo.